Bei ya Sarafu ya Ndovu

Mama yangu hauzi kitu akiwa amesimama. Miaka yote aliyouza pojo sokoni Voi alikaa kwenye kigoda, gorogoro, lile kopo la kupimia, katikati ya miguu, na mteja ndiye aliyesimama juani akihangaika. Kwa hiyo asubuhi ile mnunuzi wa sarafu alipofika kijijini kwetu Makwasinyi, mama alimpa kiti cha plastiki, akaingia ndani, akarudi na kigoda chake. Nilipokiona kile kigoda nilijua kazi ipo.

"Wewe utakaa pale," aliniambia, akionyesha kizingiti cha jikoni. "Na utanyamaza. Mimi ndio nauza."

Nilikaa. Kunyamaza ni habari nyingine. Mimi nashona nguo Kaloleni, Voi mjini, na wateja wangu wanaujua mdomo wangu kuliko wanavyoijua cherehani yangu. Isitoshe, huyo mnunuzi nilikuwa nimemleta mimi. Alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, wa makamo, anayezunguka miji akinunua vitu vya kale. Aliingia dukani kwangu kupunguza suruali, akaiona senti ya tundu niliyoifunga kwenye uzi ili kupimia kama pazia limenyooka. Akaishika, akaigeuza, akauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia marehemu baba aliacha kopo zima nyumbani. Suruali akaisahau palepale.

Tulikuwa tunauza kwa sababu ya tangi. Kiangazi kilichotangulia, ndovu alinusa maji, akaja usiku, akalisukuma tangi la mama mpaka likapasuka, akanywa, na wakati wa kuondoka akapita na ukuta wa jikoni. Watu wa fidia kutoka serikalini walikuja wakapiga picha, tukaambiwa tusubiri. Siku hii ninayoisimulia tangi lilikuwa bado limelala uani kwa ubavu, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye mshahara katika familia, alikuwa ametoa uamuzi. Mvua ikifika bila tangi, mama atahamia kwangu Kaloleni na shamba litakodishwa. Aliusema kwa upole sana, lakini mtu wa kukodi alikuwa ameshampata. Mama aliwahi kukaa kwangu mara moja, mguu ulipomvimba. Nilimwekea kiti mlangoni, akawa anatazama ukuta wa jirani kutwa nzima. Wiki ya pili akaacha kuniuliza tutakula nini. Nilimrudisha Makwasinyi kabla mguu haujapona, na nilijua kwamba nikimleta tena nitamzika kutoka chumba kile. Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni nikiwa nimekaa kizingitini.

Jambo moja zaidi msomaji alijue. Baba aliuawa na ndovu, si yule wa tangi, mwingine. Alitoka alfajiri kwenda kuangalia pojo shambani, na majirani ndio waliomrudisha. Ndugu wote walimwambia mama adai fidia yake. Alikataa. Tukambembeleza, tukamkasirikia, kaka akakaa muda mrefu bila kumpigia simu. Hakukubali, na hakutueleza kwa nini.

Basi, mama aliweka ungo chini, akamimina kopo. Zilimwagika senti za tundu, shilingi zenye vichwa vya wafalme wa Uingereza, na rupia za fedha za Wajerumani, ambazo baba alikuwa akiziokota na kuzinunua enzi zake za kutengeneza reli kuelekea Taveta. Na katikati kulikuwa na kidude kimoja cha njano, ukubwa wa kifungo cha koti, chenye ndovu aliyeinua mkonga. Hicho baba alikipata Bomeni, hukohuko Taveta, kwenye mfereji wa migomba, na alikuwa akicheka kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyemtia ndovu mfukoni.

Mnunuzi alivaa miwani.

"Kwa idhini yako, bibi," alisema.

"Angalia, mwanangu. Macho hailipi."

Alichukua moja baada ya nyingine. Aligeuza, akapitisha ukucha ukingoni, akazitia rupia kiganjani kupima uzito. Moja aliisogeza karibu na pua kabisa.

"Hizi zimesuguliwa, bibi. Nani alizisugua?"

"Mume wangu. Kwa jivu. Zilikuwa chafu."

"Lo! Ameziharibu. Watu wa kukusanya sarafu hawataki iliyong'arishwa. Waitaka na uchafu wake."

"Basi chukua uchafu, uniachie rupia," mama akasema.

Mnunuzi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naangalia mikono yake. Alikuwa amegusa kila kitu kwenye ule ungo. Hata senti zilizoliwa na kutu alizigeuza. Kile kidude cha njano hakukigusa. Kidole chake kilikipita mara mbili, kikakizunguka kama unavyozunguka kinyesi cha kuku. Nimeuza vitambaa na kushona kwa nusu ya maisha yangu. Mwanamke anayetaka kitambaa chekundu atauliza bei ya cha buluu, atakivuta, atakikunja, atakilaumu, na chekundu hatakitupia hata jicho.

"Hizi za fedha nitazichukua," mnunuzi akasema. "Nyingine ni za watoto kuchezea. Wataka ngapi, bibi?"

"Nataka tangi."

"Nakuuliza bei, bibi."

"Ndio hiyo bei. Tangi moja."

Alinitazama mimi, nikatazama juu. Akarudi kwa mama.

"Mimi sina tangi, bibi. Nina pesa. Nitakupa elfu kumi na tano, na hapo nimejiumiza."

Mama akanigeukia. "Hiyo inafika tangi?"

"Haifiki hata nusu, mama."

"Nusu tangi haishiki maji," mama akamwambia, na akaanza kuzirudisha rupia koponi, taratibu, moja moja, kila moja ikilia inapogonga chini. Namjua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akirudisha pojo guniani mteja akileta mchezo.

"Ngoja kwanza, bibi. Mbona haraka?"

"Sina haraka. Mimi niko kwangu."

Aliongeza kidogo. Mama akarudisha nyingine. Akaongeza tena, akilalamikia barabara, mafuta, wateja wake wa Mombasa wasiolipa kwa wakati. Mama alimsikiliza kwa makini, akampa pole ya barabara, na akarudisha nyingine. Mimi kule kizingitini nilikuwa nikijiambia niseme, nisiseme. Nilitoa simu nijaribu kutafuta sarafu ya ndovu ni kitu gani. Mtandao hakuna. Pale nyumbani mtandao unapatikana juu ya jiwe nyuma ya choo tu, na kama ningeinuka kwenda kule, huyu mtu angejua.

Nikaona njia moja. Nikamwambia mama kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za chumvi, kwamba kile cha njano asikiachie.

Mama alinigeukia kama nimetukana mbele ya padri.

"Sema Kiswahili," alisema kwa nguvu. "Mgeni amekaa hapa, asikie. Mimi siuzi kwa kunong'ona. Sijawahi."

Mnunuzi akainamisha kichwa kwa adabu. Nikatamani ardhi inimeze. Lakini niliona pia kwamba tangu wakati ule alianza kupandisha bei kwa kasi. Akafika elfu thelathini. Kwa pesa hiyo unapata tangi dogo, lile ambalo mtu mmoja akibana matumizi litamvusha mpaka mvua nyingine. Mama akaniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa, maana ni kweli ingetosha kumziba kaka mdomo. Akanyoosha mkono, mnunuzi akaupokea kwa mikono miwili.

"Haya, bibi. Sasa mimi ni mteja wako," akasema, sauti yake nyepesi kabisa. "Sokoni umeuza miaka. Utaniacha niende hivi hivi? Niongezee."

Kwa mama, mteja akisema niongezee, jambo limekwisha. Hajawahi kupima gorogoro ya pojo bila kuweka konzi moja ya nyongeza juu. Hata watu aliowachukia aliwawekea konzi. Na uso wake ulikuwa umefunguka, kwa sababu alikuwa ameshinda, alikuwa amepata tangi lake. Aliinama juu ya ungo, akapita senti zote za tundu, akakichukua kile cha njano kwa ncha za vidole.

"Chukua hii. Iko na ndovu, na mimi ndovu sitaki kwa nyumba yangu."

Mnunuzi hakukiangalia. Alikipokea, akakitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nani hupewa zawadi asiitazame?

"Mama, hiyo usimpe!" Nilikuwa nimeshasimama.

"Nimeshatoa."

"Mwambie akurudishie. Mama, nisikilize mara moja tu katika maisha yako!"

"Kitu ya kuongeza hairudishwi. Unataka nionekane mtu gani? Kaa chini."

"Taratibu, dada," mnunuzi akasema. Alikuwa amekwisha kuinuka na kuzitia zile rupia kwenye mkoba wake. "Bibi ametoa kwa moyo. Bibi, mimi nashukuru sana. Hapa kwako mtandao ni shida, naona. Nikifika tu barabarani nitatuma pesa kwa simu ya dada hapa. Haki ya Mungu, kabla ya adhuhuri."

Mama alikuwa bado ananiangalia mimi kwa hasira. Kisha niliona hasira ile ikigeuka polepole, na kichwa chake pamoja nayo.

"Utatuma?"

"Nitatuma, bibi."

"Bado hujalipa?"

"Ni dakika chache tu, bibi."

Mama alinyoosha mkono, kiganja juu. "Basi rudisha ndovu."

"Lakini bibi umeshanipa."

"Nilimpa mteja. Wewe bado si mteja. Mtu anaweka gorogoro kwanza, ndio anaweka konzi juu. Wewe umechukua konzi na gorogoro hakuna."

Hakusema kwa ukali, lakini mkono ulibaki pale pale hewani. Mnunuzi akajaribu kucheka. Nikasogea hatua moja, nikasimama kati yake na njia ya kutokea. Sijui ningefanya nini. Mimi si mtu wa kupigana, lakini mkasi wa kushonea ulikuwa kwenye mkoba wangu na nilikuwa nimeukumbuka.

Alifanya kosa lake hapo. Badala ya kurudisha, alifungua zipu ya ndani ya mkoba, akatoa pesa taslimu, noti mpya zilizofungwa kwa mpira, akaziweka kwenye ungo.

"Haya, bibi, nisikuudhi. Elfu thelathini hiyo hapo. Tumemaliza."

Kwa sheria ya mama walikuwa wamemaliza. Gorogoro ilikuwa imewekwa, na konzi ni yake. Niliona lile tangi dogo, niliona na kile kidude kikienda Mombasa kwenye mfuko wa shati, na machozi ya hasira yakanijia.

Mama hakuzigusa zile pesa.

"Hii pesa ulikuwa nayo toka asubuhi?"

Mnunuzi akafunga zipu ya mkoba.

"Uliniambia utatuma. Sasa nimeuliza ndovu tu, pesa imetoka mbio." Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. "Wewe," aliniambia, "ulikuwa unataka kusema nini? Sema. Kwa Kiswahili."

Nilikuwa nimengoja ruhusa ile asubuhi nzima, na ilipokuja sikuwa na la maana. Sikujua bei. Sikujua hata ni kitu gani. Nilikuwa na mikono ya mnunuzi tu.

"Zote alizigusa, mama. Zile mbovu pia alizigusa. Hiyo peke yake hakuigusa."

Kuku mmoja alitoka kwenye tangi lililopasuka akapiga kelele ya kutaga. Mnunuzi alivua miwani, akafuta jasho, akafungua kifungo cha mfuko, na akakiweka kile kidude juu ya zile noti. Kisha akaketi.

"Ni dhahabu, bibi," akasema. "Wajerumani waliitengeneza wakati wa vita. Sikuwa na nia ya kukudhulumu. Hii ndiyo kazi yangu, mtu husema bei yake na mimi husema yangu. Lakini ni dhahabu."

"Ungesema."

"Ningesema, ungeniuzia kwa bei gani?"

Mama alikitazama kile kidude, mikono magotini. "Tangi," akasema. "Zile rupia umelipa, tumemaliza. Hii pia ni tangi, ile kubwa. Ndovu alivunja tangi moja, alipe tangi moja."

Mnunuzi alikubali upesi mno. Alishaingiza mkono mkobani kabla mama hajafunga mdomo, na nikajua tunauza ng'ombe kwa bei ya kamba. Lakini kumwambia mama "ongeza bei" kungekuwa kazi bure. Alishaona haki yake, imetosha. Basi nikaingilia mlango ule ule aliokuwa amefungua yeye.

"Mama, na ukuta wa jikoni? Ule alivunja nani?"

Mama aligeuka, akautazama ule ukuta uliozibwa kwa mabati. "Kweli," alisema. "Na ukuta."

Mnunuzi akaongeza ya ukuta.

"Na mahindi ya mwaka ule tulionunua unga mpaka Krismasi?"

"Na mahindi," mama akasema. Sasa alikuwa ameamka. "Na mipapai. Ilikuwa inazaa. Na ua wa miiba, tulikata wiki nzima."

"Bibi, ndovu wote wa Tsavo nitawalipia mimi?"

"Wewe ndio unamtaka. Mimi sikukuita."

Akaongeza ya mipapai, akaongeza ya ua. Kila tulipotaja kitu alipumua, akapiga hesabu kwa midomo, akaweka noti. Mimi nilikuwa nimeshika moto. Nilitaja mihogo, nilitaja debe la maji, nilitaja mbuzi aliyekimbia kwa woga asirudi tena. Nilikuwa nikimlipisha yule ndovu wa dhahabu kila kitu ambacho wenzake walitufanyia tangu nizaliwe, na sijawahi kusikia utamu kama ule mdomoni. Mnunuzi alikuwa amelowa mgongo, lakini hakuinuka.

"Kuna lingine?" akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Neno lililofuata lilikuwa baba.

Mkono wa mama ulinishika kifundo cha mguu, pale nilipokuwa nimesimama karibu na kigoda chake. Uliminya kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Hakuna lingine," alimwambia mnunuzi. "Imetosha. Chukua."

Mnunuzi alichukua. Safari hii alikitazama, akakifunga kwenye kitambaa, akakitia ndani kabisa ya mkoba. Alipoinuka kuaga, mama alipekua ungo, akachagua senti moja ya tundu isiyo na kutu, akampa.

"Ya kuongeza," alisema. "Sasa umelipa."

Sijui mpaka leo kama tulipata bei yake. Nadhani hatukuipata. Baadaye niliona mtandaoni bei za kitu kinachofanana na kile, nikaifunga simu, nikashona suruali mbili kwa hasira na zote nikazifumua. Lakini mvua ilipofika, tangi kubwa lilikuwa limesimama uani Makwasinyi, ukuta wa jikoni ni wa matofali, na mtu wa kaka wa kukodi alikuwa ametafuta shamba kwingine.

Siku ile lakini, gari la mnunuzi lilipopotea, mama aliniambia nimsaidie kuwatoa kuku kwenye lile tangi bovu, kwa sababu mafundi wangetaka nafasi. Tuliinama wote wawili, mimi nikikusanya mayai kwenye leso.

"Mama," nilisema. "Kulikuwa na lingine."

"Najua."

"Angelipa."

"Najua angelipa. Hata wale wa fidia walikuwa watalipa." Alimtoa kuku wa mwisho, akamwachilia. "Hii ya tangi amelipa, sasa mimi sina neno naye juu ya tangi. Imekwisha, nimesahau. Ile ingine, nikisema bei, mtu akilipa, itabidi niseme hivyo hivyo. Itabidi niseme imekwisha."

Aliyapokea mayai, akayaangalia kama kuna lililovunjika.

"Mimi sitaki iishe," alisema, akaingia ndani kuweka chai.